Mnafundishaje majina ya nchi na ramani ya dunia kwa watoto wa Kichina wanaojifunza Kiingereza?

Mwl_Changsha

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi ni Mtanzania, niko Changsha mkoani Hunan, nafundisha Kiingereza shule ya msingi darasa la nne mpaka la sita na muhula huu nimepewa mada ya dunia, yaani mabara, nchi, mataifa na lugha zao. Naomba mawazo ya mliowahi kufundisha Wachina, iwe huku au huko nyumbani, maana hii mada naipenda sana na sitaki iishie kwenye kuimba orodha.

Ilivyo sasa hivi kitabu kinaleta bendera na majina kwa mafungu, watoto wanaimba kwa sauti darasa zima na kweli inapendeza, ila wiki inayofuata ukimshika mmoja mmoja ukamwonyesha bendera ya Austria anakwambia Australia, Sweden anasema Switzerland, na ukimwambia akuonyeshe kwenye ramani anabaki anatembeza kidole tu. Majina mengine yanabadilika mdomoni, Nepal inakuwa Lepal, Norway inakuwa Lorway. Pande za dunia wanasema eastsouth na westnorth. Halafu kuna ile ya mtu na nchi yake, utasikia "he is France", "two Germen", hapo ndo pananipa kazi kuliko kote.

Maswali yangu ni mawili. Nianze na ramani au nianze na majina? Na la pili, shule inataka Kiingereza kitupu darasani lakini Kichina cha kawaida nakijua, je nitumie majina ya nchi ya Kichina ambayo tayari wanayo kichwani au niyakate kabisa?

Mkongwe_Jinhua

Dada karibu. Mi nimekaa Jinhua, Zhejiang, miaka ya masomo na nimefundisha watoto hapo, naenda moja kwa moja kwenye swali lako la pili kwa sababu ndo lenye uzito. Usiyakate majina ya Kichina, yatumie, ila uyapange kwanza wewe mwenyewe kabla ya kuingia darasani.

Kuna majina yanayofanana kwa sauti na Kiingereza, mfano Jianada, Yidali, Guba, Kenniya, Tansangniya, haya mtoto ukimtamkia Canada, Italy, Cuba anashtuka mwenyewe anasema aaa ni ile! Haya hayahitaji hata picha, yape dakika chache upite. Kuna yaliyokatwa yakabaki na silabi moja halafu ikawekwa guo, yaani nchi: Meiguo Marekani, Yingguo Uingereza, Faguo Ufaransa, Deguo Ujerumani, Taiguo Thailand. Hapo sauti imebaki kidogo tu, na Deguo inawachanganya zaidi kwa sababu De imetoka kwenye jina ambalo Wajerumani wenyewe wanajiita, Deutschland, sasa mtoto anasikia Germany na haoni undugu wowote. Mweleze tu kwamba kila watu wanawaita wenzao kwa namna yao, hata sisi tunasema Misri na Waingereza wanasema Egypt.

Kundi linalotaka nguvu zako ni la majina ambayo sauti haisaidii kitu. Xila ni Ugiriki, limetoka kwenye Hellas. Eluosi ni Urusi. Helan ni Uholanzi, lakini kitabu kitakuandikia the Netherlands. Riben ni Japani. Halafu yapo yaliyotafsiriwa maana, Bingdao ni kisiwa cha barafu ndo Iceland, Heishan ni mlima mweusi ndo Montenegro, Nanfei ni Afrika Kusini. Muda wako wa darasani upeleke kwenye kundi hili. Wengi wanafundisha Canada na Greece kwa nguvu sawa, wakati Canada mtoto alishaijua na Greece anaanza sifuri.

Kuhusu Sweden na Switzerland dada, Kiingereza unakionea. Kwa Kichina zinaitwa Ruidian na Ruishi, zote zinaanza na herufi ileile ya Rui, kwa hiyo mkanganyiko upo hata kabla wewe hujafika, muulize mtu mzima yeyote hapo Changsha utaona. Austria na Australia ni Aodili na Aodaliya, hadithi ni ileile. Kwa hiyo dawa yake siyo kurudia jina mara nyingi. Zitenganishe kwa mahali na kwa vitu: Switzerland haina bahari, iko kwenye milima ya Alps, saa za mkononi na chokoleti. Sweden iko juu kabisa imepakana na Norway na Finland, duka la IKEA wanalijua wote. Austria ni Vienna na Mozart, Australia ni kangaruu na iko upande wa kusini wa dunia. Na mkazo wa sauti uwekee mkono juu, Austria unapiga mwanzoni, Australia unapiga katikati kwenye "stra". Ukiwapigisha makofi kwenye silabi yenye mkazo hawarudi nyuma tena.

Tiicha_wa_Mombasa

Mwalimu salamu kutoka Pwani. Mimi nilifundisha Guangzhou, na jiografia ndiyo somo langu hasa, kwa hiyo niseme juu ya ramani. Jibu langu ni anza na ramani, lakini iwe ramani YAO.

Ramani ya dunia tuliyosoma sisi shuleni ina Afrika na Ulaya katikati, Amerika kushoto, Uchina kulia. Ramani iliyoko ukutani kwa hao watoto imeweka bahari ya Pasifiki katikati, Uchina iko karibu na katikati, Amerika mbili zote ziko mkono wa kulia, na Afrika na Ulaya zimesukumwa kushoto pembeni. Bahari ya Atlantiki imekatwa vipande viwili. Si jambo geni hilo, tangu 1602 yule padri Mtaliano Matteo Ricci alipochapisha Beijing ramani kubwa ya dunia yenye majina ya Kichina, Uchina iliwekwa karibu na katikati. Sasa fikiria mtoto anasikia kila siku Marekani ni nchi ya magharibi, akiangalia ramani yake anaiona iko mashariki ng'ambo ya maji. Na ukimletea ramani uliyoizoea wewe utampotezea hata kile kidogo alichokuwa anakijua, atatafuta Japani katikati haioni. Kwa hiyo nunua globu, hata ndogo ya plastiki, iweke mezani, waizungushe wenyewe waone kwamba ukitoka Shanghai kwenda mashariki au kwenda magharibi zote zinafika California. Ukishafanya hivyo unaweza kuwaonyesha ramani za aina mbili bila shida, na watapenda kweli kulinganisha.

Hiyo eastsouth usiwagombeze. Kichina kinataja mashariki kwanza, dong nan xi bei, yaani mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, na kusini mashariki wanasema dongnan, mashariki halafu kusini. Wakisema eastsouth wanatafsiri sawasawa kabisa. Wape kanuni moja tu, kwa Kiingereza north na south hutangulia daima, basi. Sisi kwa Kiswahili tunasema kusini mashariki, kwa hiyo kwako ni rahisi kusahau kwamba kwao ni kazi. Vilevile anwani, wao wanatoka kubwa kwenda ndogo, Zhongguo (Uchina), Hunan, Changsha, Kiingereza kinageuza. Wafanyishe zoezi la kuandika anwani kwenye bahasha.

Kuhusu mabara na bahari, wao wanafundishwa mabara saba na bahari kuu nne. Vitabu vingine vya Kiingereza vina bahari tano kwa sababu vinahesabu Southern Ocean kuzunguka Antaktika. Amua mapema utafuata ipi, la sivyo mtoto ataleta ubishi na mzazi atakuja nyuma yake. Na bara lao la saba wanaliita Dayangzhou, yaani Oceania, siyo Australia peke yake, New Zealand na Fiji zimo ndani.

Na hili nakuomba ulizingatie sana mwalimu: usipakue ramani mtandaoni ukaichapa ukabandika. Huko ramani ni jambo la sheria. Ramani halali ina namba ya ukaguzi imechapwa pembeni, inaitwa shentuhao, na mipaka yake ni ile inayokubaliwa na serikali ya huko, Taiwan ikiwemo ndani, na mpaka na India na bahari ya kusini wanavyoichora wao. Mwaka 2019 forodha ya Qingdao iliteketeza ramani karibu 30,000 za Kiingereza zilizokuwa zinasafirishwa kwenda nje kwa sababu ya mambo hayohayo. Nenda Xinhua, yale maduka ya vitabu yako kila mji, nunua ya Kiingereza na Kichina, ibandike, endelea na kazi yako kwa amani. Karatasi za mazoezi zikiwa na orodha ya Hong Kong, Macao au Taiwan chini ya kichwa cha nchi, mpe mwalimu mwenzako Mchina aipitie kwanza kabla hujatoa kopi.

Fundi_Lugha_Dar

Mimi naona tofauti kidogo na mkuu wa Jinhua hapo juu. Nafundisha Kiingereza wahandisi na mafundi wa Kichina hapa Dar, watu wazima, na kwa uzoefu wangu jina la Kichina likishaingia kwenye matamshi kulitoa ni kazi kubwa. Mtu mzima anasema Kenniya kwa silabi tatu zilizopigwa sawasawa miaka yote, akipiga simu ofisi ya Nairobi wanamuuliza mara mbili mbili. Kwa hiyo ushauri wangu tumia Kichina kwa ajili ya MAANA, mtoto ajue ni nchi gani, halafu funga, kuanzia hapo masikio yasikie Kiingereza tu. Na andika kwa herufi za Kiingereza tangu siku ya kwanza, usikubali waandike herufi za Kichina pembeni ya neno kama msaada wa matamshi, wanapenda sana hiyo na ndo inayoharibu.

Sasa kwenye Lepal. Dada wewe uko Hunan, hilo si tatizo la Kiingereza ni lahaja ya huko, watu wengi wa Hunan hawatofautishi n na l hata wanapoongea Kichina sanifu, jina la mkoa wenyewe utasikia wanasema Fulan. Sichuan nako wapo hivyohivyo. Dawa yake ni pua. Mwambie abane pua kwa vidole aseme "lll", inatoka vizuri, aseme "nnn" akiwa amebana haitoki, sauti inakwama. Watoto watacheka watafanya tena na tena na hapo ndo wanajifunza. Kisha wape majina kwa jozi, Nepal na Laos, Norway na Latvia, Niger na Libya, halafu umalizie na Lebanon ambayo ina zote mbili. Majina ya nchi ni mazoezi mazuri mno kwa hilo kuliko maneno ya kamusi kwa sababu unaweza kuyachezea kwenye ramani, mmoja anasema, mwenzake anaenda kugusa, akigusa Laos wakati mwenzake alitaka Nepal wote wawili wanajua kimeenda mrama wapi. Mwalimu hahitaji hata kusema neno.

Kitu kingine, fundisha nchi kwa njia inayounganisha. Mimi kwa wazee wangu nilitumia reli ya TAZARA, maana Mchina wa umri fulani hata kama hajui nchi yoyote ya Afrika anaijua Tanzan Tielu, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Nikaichora ubaoni, tukaanza: Tanzania ina bahari, Zambia haina, kwa nini Zambia ilitaka reli, shaba inapita wapi, nani jirani wa nani. Wakajifunza border, coast, landlocked, export, capital, wakajifunza na Malawi, Congo, Zimbabwe, Angola, yote kwenye somo moja na hakuna aliyekariri orodha.

Nimesoma_Kiswahili_Beijing

Hamjambo nyote. Mimi ni Mchina, nilisoma Kiswahili chuo kikuu Beijing, samahani kama nitakosea. Nimefurahi sana kuona mada hii, nami napenda kuongeza upande wa mwanafunzi.

Mwalimu wa Jinhua anasema watoto wanazijua nchi tayari kwa Kichina. Ni kweli nusu. Wanajua majina kwa sababu ya mpira, Olimpiki na televisheni, lakini jiografia ya dunia shuleni kwetu inaanza darasa la saba, na ya Uchina darasa la nane. Watoto wako wa darasa la nne hawajafundishwa bado. Kwa hiyo usifikiri mtoto anajua Ruishi iko wapi ila hajui Kiingereza chake, mara nyingi hajui vyote viwili. Ukimfundisha mahali na jina pamoja unamsaidia pia kwa miaka inayokuja, na wazazi watakushukuru.

Kuhusu watu na lugha zao. Kwa Kichina ni rahisi mno, Faguo ni nchi, Faguoren ni mtu, Fayu ni lugha, na nchi zote ni hivyo. Nilipoanza Kiswahili nilifurahi kwa sababu nanyi mna utaratibu, Ufaransa, Mfaransa, Kifaransa. Kiingereza hakina utaratibu huo, kuna French, Spanish, Japanese, Kenyan, Thai, Greek, na mtoto anaona kama kila nchi ina sheria yake. Ninashauri ufundishe kwa familia za mwisho wa neno. Familia ya -an na -ian ndiyo kubwa, ianze hiyo. Halafu -ese, ambayo sisi wenyewe tumo na Japani, Vietnam, Ureno. Halafu -ish. Zisizo na familia ziwe za mwisho.

Kwa wingi, kuna shairi fupi ambalo karibu kila Mchina alilikariri shuleni: Zhong Ri bu bian, Ying Fa bian, qiyu s jia houmian. Maana yake Mchina na Mjapani habadiliki, Mwingereza na Mfaransa anabadilika, wengine wote weka s nyuma. Yaani two Chinese, two Englishmen, two Frenchmen, two Americans. Wakisema two Germen waambie tu "German yuko kwenye wengine wote", watarekebisha wenyewe papo hapo kwa sababu shairi wanalo au watalipata kwa walimu wao wengine. Najua shule inataka Kiingereza kitupu, lakini sekunde tano za shairi hili zinafanya kazi ya somo zima la sarufi.

Mwl_Changsha

Asanteni sana sana, yaani nimesoma yote naandika pembeni. Hilo la pua naanza nalo kesho, na kweli kabisa hapa wanasema Fulan, sikuwahi kuunganisha na Kiingereza chao. Ndugu wa Beijing Kiswahili chako ni kizuri mno, hongera.

Naongeza maswali mawili jamani. Neno "the" mnalifanyaje, the United States lakini siyo the Kenya? Na Afrika niifundisheje, maana nchi zipo 54 na kitabu kimeweka mbili tu, Egypt na South Africa, na watoto wananiuliza mambo ya kwetu kila siku, nataka wajue kwamba ni nchi nyingi tofauti siyo nchi moja inaitwa Feizhou, yaani Afrika kwa Kichina.

Mkongwe_Jinhua

The ni fupi. Jina lenye wingi ndani yake linachukua the, the Philippines, the Maldives, the Netherlands. Jina lenye neno la kawaida kama united, kingdom, republic nalo linachukua, the United States, the United Kingdom, the Czech Republic. Mengine acha wazi. Kwa watoto inatosha, zisizofuata kanuni hizi kama the Gambia zitakuja baadaye.

Na nimekubali alichosema ndugu wa Beijing kuhusu darasa la saba, kwa darasa la nne ni kweli mahali na jina viende pamoja.

Tiicha_wa_Mombasa

Kwa Afrika mwalimu usijaribu 54, chukua nchi chache ambazo zina sababu ya kuwa mdomoni mwa mtoto wa Changsha. Na wewe una bahati ambayo hata sisi wa Guangzhou hatukuwa nayo, hapo mjini kwako ndipo yanapofanyika maonyesho makubwa ya biashara ya China na Afrika tangu 2019, na kwenye soko kubwa la Gaoqiao kuna eneo la kudumu la bidhaa za Afrika. Nenda mwenyewe kwanza na simu, piga picha lebo. Kahawa ya Ethiopia, chai ya Kenya, mvinyo wa South Africa, na tafuta pilipili kavu ya Rwanda, maana watu wa Hunan na pilipili hawatenganishwi, na mtoto akijua kuna nchi inalima pilipili inayoliwa nyumbani kwao hilo jina hatalisahau. Kenya tulianza kuwauzia parachichi bichi 2022, nayo ukiipata piga picha. Halafu darasani kila kikundi kinapewa lebo moja, wanasoma made in au product of, wanatafuta nchi kwenye ramani, wanasema imepakana na nani, bidhaa imepita bahari gani mpaka kufika Hunan, na kule ni saa ngapi sasa hivi. Hiyo ya saa wataipenda, Uchina nzima inatumia saa za Beijing, kwa hiyo wengi hawajawahi kukutana na jambo la saa kubadilika. Ukiwa nao saa nne asubuhi waambie Dar ni saa kumi na moja alfajiri, mama yako bado amelala.

Congo ziache mpaka darasa la sita. Wao wanazitofautisha kwa mji mkuu, Gangguo Jin ni ya Kinshasa, Gangguo Bu ni ya Brazzaville, wakishajua hiyo miji miwili ambayo inatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja unaweza kuwapa na majina marefu ya Kiingereza. Niger na Nigeria nazo ziende pamoja siku hiyohiyo, Niri'er na Niriliya, zinachanganya kwa lugha zote mbili, ila Nigeria ina bahari na Niger haina.